Mwana wa Warhola na Ndovu wa Chapa

Ukitoka Voi kwa njia ya Taveta, ukaipita Mwatate, utafika Bura, chini ya milima ya Taita. Iko hapo hoteli ndogo ya chai, na ukutani, juu ya meza ya kuwekea birika, pamebandikwa karatasi ya kalenda kuukuu. Miezi imekwisha kukatwa, imebaki picha tu. Ni ndovu, amepakwa rangi ambazo Mwenyezi Mungu hakumpa ndovu yeyote. Wateja hunywa chai yao na mahamri, wakazungumza habari za mvua na bei ya mbuzi, wala hawaitazami. Mimi niliitazama kwa sababu chini yake, kwa herufi ndogo, limeandikwa jina la mtu ambaye wasomaji wa ukurasa huu wamewahi kuniuliza habari zake: Andy Warhol, mchoraji wa Marekani.

Natumia neno ndovu, na wale waliozoea kusema tembo wanisamehe. Kwetu Mombasa tembo ni kitu cha kugemwa mnazini, na mtu akisema ameona tembo njiani twamwombea dua kwa sababu nyingine kabisa.

Mchoraji huyu amekwisha kufa zamani, tangu mwaka 1987, lakini jina lake halijalala. Mwezi wa Mei mwaka 2022 picha yake moja ya mwigizaji Marilyn Monroe iliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 195. Fedha hizo zingejenga madarasa mangapi hapa Taita sijui, na pengine si hesabu ya kufanywa kabla ya chai. Lakini ni haki msomaji aulize: mtu huyu alifanya nini hata karatasi yake ikawa na thamani kama hiyo, na huyu ndovu wa Bura ana maana gani?

Andrew Warhola alizaliwa tarehe 6 Agosti mwaka 1928 katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, mji wa viwanda vya chuma na moshi wa makaa. Wazee wake, Ondrej na Julia, walikuwa wahamiaji kutoka kijiji cha Miková katika milima ya Carpathian, ambacho leo kimo katika nchi ya Slovakia. Kabila lao ni Warusini, watu wa mlimani, wachache, ambao watu wa nje huwachanganya na Warusi nao wakachukia. Baba alifanya kazi za sulubu, za ujenzi na za kuhamisha nyumba. Mama alijua kushona, kutarizi, na kutengeneza maua ya makopo matupu akayauza ili wanawe wapate chakula. Nyumba ilikuwa ya watu maskini. Walikuwa wavulana watatu, na Andrew ndiye kitinda mimba.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi aliugua maradhi ya kutetemeka viungo, mikono na miguu ikawa haimtii. Alilazwa nyumbani kwa muda mrefu. Mama yake akamletea karatasi, penseli za rangi, vitabu vya vibonzo na picha za waigizaji wa sinema, naye mtoto akazikata, akazibandika, akazinakili. Kila amalizapo ukurasa mama humpa kipande cha chokoleti. Wengi walioandika habari za mtu huyu hutafuta siri ya sanaa yake katika vyuo na katika majumba ya New York. Mimi naona ilikuwa pale kitandani, kwa mtoto mgonjwa aliyezungukwa na picha za watu wazuri wasiougua.

Kilikuwapo kitu kingine. Wazee wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya mashariki, na kila Jumapili mama alimchukua kwa miguu mpaka kanisani, wakakaa saa nyingi. Makanisa ya madhehebu hayo yana ukuta mzima wa picha za watakatifu wao, zimepangwa safu kwa safu, nyuso zimeelekea mbele, nyuma yao rangi ya dhahabu. Mtoto alikaa akitazama nyuso hizo zisizobadilika. Sisi tuliolelewa chuoni tulikuwa na kuta tupu. Mwalimu wetu hakuruhusu hata kuku achorwe kwenye ubao, maana alichukia sana kuiga umbo la kiumbe chenye roho. Kuhusu picha maulamaa wamehitilafiana, na hapa si mahali pa kuamua. Nasema tu kwamba mtu aliyekulia kwenye kuta tupu na mtu aliyekulia mbele ya safu za nyuso hawawezi kuiona picha kwa jicho moja, na ajabu yangu mimi ni kwamba huyu wa pili ndiye aliyekuja kuifanya picha iwe kitu kitupu, kitu cha dukani.

Baba alifariki mwaka 1942, Andrew akiwa na miaka kumi na mitatu. Marehemu alikuwa ameweka akiba kidogo kwa ajili ya masomo ya huyu mdogo, akawausia wengine wasiiguse. Kwa fedha hiyo kijana aliingia chuo cha ufundi cha Carnegie mjini mwake, akasomea uchoraji wa matangazo na magazeti, akahitimu mwaka 1949. Mwaka huohuo akapanda gari la moshi yeye na mwenzake kwenda New York, na huko ndiko ile herufi ya mwisho ya jina lake ilikopotea. Warhola akawa Warhol.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora viatu. Magazeti ya wanawake yalitaka viatu vilivyochorwa vikapendeza kuliko viatu vyenyewe, naye akawa fundi wa hayo. Alikuwa na namna yake: huchora kwa wino kwenye karatasi moja, kabla wino haujakauka akaigandamiza kwenye karatasi nyingine, na ile nakala ya pili, yenye mistari iliyokatikakatika, ndiyo anayoipeleka kwa mwenye kazi. Tangu siku hizo, basi, aliipenda nakala kuliko asili. Alipata fedha, akapata tuzo, na mama yake akamfuata New York akakaa naye karibu miaka ishirini. Mwandiko wa mama ulikuwa mzuri ijapokuwa Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, na mara nyingi maneno yaliyo chini ya michoro ya mwanawe ni ya mkono wake yeye.

Lakini mchoraji wa viatu hahesabiwi kuwa msanii, naye alitaka kuhesabiwa. Mnamo miaka ya mwanzo ya 1960 vijana kadhaa wa Uingereza na Marekani walikuwa wamechoka na picha zisizo na umbo zilizokuwa zikitukuzwa wakati ule. Wakageukia vitu ambavyo kila mtu aviona kila siku: matangazo, vibonzo, chupa za soda, bendera, vyakula vya kopo. Sanaa hiyo ikaitwa popu, kwa maana ya kwamba ni ya umma, ya watu wote. Mwezi wa Julai mwaka 1962, katika ukumbi mmoja wa Los Angeles, Warhol alionyesha picha 32 za makopo ya supu ya Campbell's, kila kopo na aina yake ya supu, zimepangwa safu juu ya ubao kama dukani. Watu walicheka. Jirani mmoja mwenye ukumbi wake aliweka makopo ya kweli dirishani akatangaza kwamba kwake ni rahisi zaidi. Picha zile hazikupata wanunuzi ila wachache, na mwenye ukumbi akawaomba wamrudishie, akazichukua zote pamoja kwa dola 1,000. Leo zimo katika jumba kubwa la sanaa ya kisasa la New York, na wa kumcheka mwenye ukumbi hayupo.

Makopo yale aliyachora kwa mkono. Mwezi uliofuata Marilyn Monroe akafa, na ndipo Warhol aliposhika kwa nguvu kazi iliyomfanya kuwa yeye, kazi ya kupiga chapa kwa hariri. Naomba nieleze namna yake, kwa kuwa asiyeijua hawezi kuelewa habari ya ndovu.

Huchukuliwa kitambaa chembamba cha hariri kikawambwa kwenye fremu kama ngozi ya ngoma. Kitambaa hupakwa dawa inayogeuka kwa mwanga. Kisha picha iliyopigwa kwenye plastiki yenye kupenya nuru hulazwa juu yake na kumulikwa taa kali. Palipopata mwanga dawa hukauka ikawa ngumu. Palipozibwa na weusi wa picha hubaki laini, ikaoshwa kwa maji ikatoka, na vitundu vya kitambaa vikabaki wazi. Wino humiminwa, ukasukumwa kwa kipande cha mpira kutoka upande huu hata upande ule, ukapenya vitunduni na kutua kwenye karatasi iliyo chini. Kila rangi ina fremu yake. Vijana wanaopiga chapa fulana za mpira na za uchaguzi pale Mombasa wanaijua kazi hii vizuri, na mama zetu wanaijua bila ya kuijua, kwa kuwa kanga nayo ni chapa. Ina pindo, ina mji, ina jina, na doti moja hufanana na nyingine elfu.

Warhol alichukua picha ya Marilyn iliyopigwa kutangaza sinema ya mwaka 1953, akaipiga chapa mara nyingi kwenye turubai mbili zilizowekwa pamoja. Upande mmoja nyuso zinang'aa kwa manjano na waridi. Upande wa pili ni nyeusi na nyeupe, wino umezidi hapa, umepungua pale, hata nyuso za mwisho zimefifia karibu ya kutoweka. Moja aliizungushia dhahabu tupu, uso mdogo katikati. Hapo yule mtoto wa kanisani hakujificha.

Alifungua karakana akaiita Kiwanda, kuta zote zimepakwa rangi ya fedha. Walimiminika huko waimbaji, wapiga picha, matajiri, na watu waliopotea njia. Mambo yaliyofanyika humo mengine si ya ukurasa huu, na wako walioingia wakiwa na afya wakatoka bila hiyo. Yeye mwenyewe alikaa pembeni, na nywele za bandia za rangi ya fedha, akisema maneno machache, akiangalia. Hakuoa. Tarehe 3 Juni mwaka 1968 mwanamke mmoja miongoni mwa waliokuwa wakija Kiwandani aliingia na bastola akampiga risasi. Madaktari walikaribia kumkatia tamaa. Waliufungua mwili wake saa nyingi, akapona, lakini tangu siku ile mpaka kufa kwake alivaa mkanda wa kufunga tumbo, na hofu ya hospitali haikumtoka.

Baada ya hapo alikuwa mtu wa biashara zaidi. Alichora matajiri kwa ujira, akachora viongozi, akaanzisha gazeti. Mwaka 1976 alikwenda Tehran, na mwaka 1977 alifika Kuwait kuonyesha kazi zake. Katika mwaka huohuo wa 1977, mwezi wa Agosti, alikwenda Deer Lake, Pennsylvania, kwenye kambi ya mazoezi ya Muhammad Ali, akampiga picha kwa kamera ndogo. Bondia alizungumza kwa muda mrefu habari za dini na za dunia, mchoraji akasikiliza asijue la kujibu. Kutokana na picha zile zilitoka chapa nne mwaka 1978, uso na ngumi, nakala 150 kwa kila moja. Wasomaji wenye umri wangu watakumbuka kwamba mwaka 1980 Ali alikuja Dar es Salaam na Nairobi akiwa ametumwa na Rais Carter kwa habari ya michezo ya Moscow, na namna watu walivyomjia. Zaweza kuwa ndizo chapa za Warhol ambazo Mwislamu wa pwani angependa kuzitundika ukutani, kama mwalimu wake wa chuo yuko mbali.

Hiyo hesabu ya 150 ndiyo kiini cha maneno yangu. Fremu ya hariri yaweza kutoa nakala elfu, na zote zitakuwa sawa. Mchapaji huamua kikomo. Hupiga nakala kadhaa, kila moja ikaandikwa kwa penseli nambari yake na jumla yake, tuseme 37 katika 150, msanii akatia sahihi, zikaongezwa chache za kando za msanii na mafundi, na basi, mlango ukafungwa. Hakuna nyingine itakayotolewa. Thamani haitoki kwenye karatasi wala wino. Inatoka kwenye ule mlango uliofungwa. Dada zetu wanaokimbilia Biashara Street siku kanga mpya itokapo, kabla haijaisha, wanaujua mlango huo, na wafanyabiashara wanaujua zaidi. Alama ya Mali ya Abdulla iliyo kwenye kanga za duka la Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza mwaka 1887, nayo ni sahihi ya aina yake.

Sasa tumfikie ndovu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wachapishaji wa chapa zake wa New York, bwana na bibi Feldman, walikuwa wakizungumza naye habari za kuharibika kwa ardhi na pwani na viumbe, wakamshauri afanye mkusanyo juu ya wanyama wanaotoweka. Akaufanya mwaka 1983. Ni chapa kumi, nakala 150 kila moja, karatasi za mraba zenye upande wa karibu mita moja. Kuna panda wa China, chuimilia wa Siberia, sokwe wa Asia, tai wa Marekani, kondoo wa milimani, chura, kipepeo. Na watatu ni wa kwetu: ndovu wa Afrika, kifaru mweusi, na punda milia wa Grevy, yule mwenye mistari myembamba anayeishi kaskazini mwa Kenya na Ethiopia, ambaye wachache wao walihamishiwa Tsavo.

Huyu Warhol hakupata kuja Tsavo kumwona ndovu. Alifanya kazi kwa picha zilizopigwa na wengine, kama alivyofanya kwa Marilyn. Lakini habari za Tsavo zilimfikia kwa njia ya karibu. Jirani yake kule Montauk, ufukoni mwa New York, alikuwa Peter Beard, mpiga picha wa Kimarekani aliyekuwa na makao karibu na Ngong. Beard ndiye aliyepanda ndege akapiga picha za mizoga ya ndovu wa Tsavo katika ukame wa mwaka 1970 na 1971, walipokufa kwa maelfu. Mbuga ile ilikuwa imetengwa mwaka 1948, ndovu wakajaa, wakaangusha miti, na wataalamu wakabishana kwa miaka kama wapunguzwe kwa bunduki au waachwe. Wakaachwa. Mvua ikakataa, na wa kwanza kufa walikuwa majike na wana wao, waliokwama karibu na maji palipokuwa hapana tena majani.

Waliobaki wakaangukia mikononi mwa majangili. Ndovu wa Kenya waliokadiriwa kupita 160,000 mwaka 1973 walikuwa 16,000 hivi mwaka 1989. Vifaru weusi, waliokadiriwa 20,000 mwaka 1970, walipungua mpaka chini ya 400. Chapa za Warhol zilipotoka mwaka 1983, basi, hazikuwa zikisimulia jambo la mbali. Wakati wino ukikauka New York, huku bunduki zilikuwa zikilia kati ya Voi na mto Galana.

Watu wameuliza kwa nini aliwapaka rangi za namna ile. Ndovu wa Tsavo anayo rangi yake maarufu, nyekundu, ya vumbi analojimwagia, na hakuna mchoraji aliyeiboresha. Warhol mwenyewe alisema kwa mzaha kwamba hawa ni wanyama waliotiwa vipodozi. Nadhani mzaha ule una uchungu ndani. Aliwapa rangi alizompa Marilyn, midomo na kope, na Marilyn alimpiga chapa baada ya kufa kwake. Kwa mtu huyu rangi za namna ile zilikuwa na jirani yake, na jirani huyo ni mauti. Aliyeziona safu za Marilyn hawezi kumtazama kifaru yule bila ya kujua amepangwa kwenye safu gani.

Na kuna lingine, ambalo sikulifahamu mpaka nilipokaa mbele ya kalenda ile. Umaarufu wake aliupata kwa kurudia vitu vilivyo tele. Supu haikwishi, ukila kopo moja kiwanda kitatoa jingine. Mwishoni akavirudia vitu visivyorudika. Mashine ileile, hariri ileile, lakini safari hii kilicho karatasini chaweza kutolewa nakala, na kilicho porini hakiwezi. Kisha akaweka kikomo, 150. Uchache uleule unaoifanya chapa iwe ghali ndio unaomuua mnyama, maana kadiri ndovu walivyopungua ndivyo bei ya pembe ilivyopanda na ndivyo jangili alivyozidi kuamka mapema. Tajiri anunuaye chapa na tajiri anunuaye kipusa wanalipia kitu kimoja, yaani kwamba hakuna nyingine. Sijui kama Warhol alikusudia tufike huko. Alikuwa mtu wa kusema kwamba hakuna kitu nyuma ya picha zake. Mimi simsadiki.

Sisi watu wa pwani tusijitoe katika habari hii. Njia ninayoizungumzia, ya Voi mpaka Taveta, ilikanyagwa na misafara ya Waswahili kabla Mzungu hajaijua, na Rebmann alipopita nchi ya Wataita akaiona theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848 aliongozwa na mtu wetu, Bwana Kheri. Walichokifuata wazee ni pembe. Zikabebwa mabegani mpaka Mombasa na Pangani na Unguja, na mnunuzi mkubwa alikuwa nani? Marekani walifunga mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, wakaweka balozi mdogo Unguja mwaka 1837, na merikebu zao kutoka Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho mpaka leo twakiita merikani. Zikarudi na pembe. Kule zilikatwa zikawa vitana, vibao vya piano na mipira ya bilyadi. Kwa hiyo mwendo ulikuwa huu: nguo inakuja, ndovu anakwenda. Baada ya miaka mia na ushei Mmarekani mwingine akawamba kitambaa chake kwenye fremu, akamrudisha ndovu kwa chapa. Kwenye ukuta wa hoteli ya Bura ndovu amerejea nyumbani, akiwa karatasi.

Lakini Bura ndovu mzima yupo pia, na hapa ndipo maneno ya watu wa mbali na ya mwenyeji yanapoachana. Asilimia 62 hivi ya wilaya ya zamani ya Taita Taveta, ambayo sasa ni kaunti, imo ndani ya mbuga za Tsavo. Kinachobaki kwa binadamu ni milima, mashamba ya mkonge, ranchi na vipande vya mahindi. Tangu mwaka 1989, Rais Moi alipowasha moto tani 12 za pembe kule Nairobi na biashara ya pembe ikapigwa marufuku duniani, ndovu wameongezeka; sensa ya mwaka 2021 iliwahesabu 36,280 katika Kenya yote, na sehemu kubwa kabisa ni wa Tsavo. Vifaru weusi walikuwa 897. Ni habari njema, na mkulima wa Bura ataisikia ameshika tochi. Ndovu huja usiku wakati mahindi yamekomaa, na kwa saa moja msimu umekwisha. Watu wameuawa njiani. Fidia imo katika sheria ya mwaka 2013, na malalamiko ya kuchelewa kwake yamo katika kila kikao cha chifu.

Mwenye hoteli aliniambia hayo alipoona natazama kalenda. Aliuliza picha ile ni ya bei gani, nami nikamweleza kwamba hii ya kwake haina bei, ila ile ya asili, yenye nambari na sahihi, huuzwa kwa maelfu mengi ya dola. Akataka kujua kama katika fedha hizo kuna fungu la mahindi yake. Sikuwa na jibu, na Warhol angekuwapo nadhani asingekuwa nalo pia, ijapokuwa mwaka 1986 alitoa kitabu kizima juu ya wanyama wanaotoweka pamoja na mtaalamu wa bustani ya wanyama ya San Diego.

Kila mtoto wa chuoni huihifadhi Suratul Fil mapema, kwa kuwa ni fupi. Tunamkumbuka ndovu wa Abraha, na wapokezi wa sira wanaeleza kwamba alipoelekezwa Al-Kaaba alipiga magoti akakataa kwenda, akielekezwa kwingine huinuka. Nilipokuwa mdogo nilijaribu kumwona ndovu yule akilini, na kwa kuwa hatukuruhusiwa kumchora, alikuwa mkubwa mno. Picha ya Bura haikumpunguza.

Mwisho wa Warhol ulikuwa wa kimya. Watu walimjua kwa karamu na magazeti, kumbe karibu kila siku aliingia kanisani peke yake akakaa nyuma. Katika sikukuu za miaka yake ya mwisho alikwenda ukumbi mmoja wa kanisa New York kuwapakulia chakula watu wasio na makazi, akawamiminia kahawa, akazoa sahani, wala hakutaka litangazwe. Lilijulikana kwenye ibada ya kumkumbuka. Mwezi wa Februari 1987 nyongo ilimzidi. Alikuwa amekimbia hospitali kwa miaka, hata ikawa hapana budi. Akapasuliwa, upasuaji ukaenda vizuri, akakutwa asubuhi ya tarehe 22 hali yake imegeuka, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 58.

Nyumba yake ilipofunguliwa ilikutwa imejaa vitu hata vyumba vingine havipitiki: saa, vikombe, vito, mitungi ya biskuti, vingine havijatolewa kwenye mifuko ya duka. Mnada wake, mwaka 1988, ulichukua siku kumi. Mwili ulikuwa umekwisha kurudishwa Pittsburgh, ukazikwa Bethel Park, kwenye makaburi ya watu wa madhehebu yake, karibu na mama na baba. Katika jiwe limeandikwa Warhol, na katika la wazee, hatua chache kutoka hapo, Warhola.

Kalenda ya Bura haina nambari wala sahihi. Nilipoinuka kulipa niliona kwamba upande wa chini umelowa moshi wa jiko, na mwenye hoteli akanieleza kuwa hakuibandika kwa ajili ya picha. Ukuta una ufa.